Zebaki hewani: vituo vya kaskazini vinasema inapungua, hesabu za migodi na viwanda zinasema inaongezeka. Nani yuko sahihi?

#1 Mchomaji_Mstaafu

Habari wakuu.

Nimechoma dhahabu kwa mikono yangu miaka kumi na mmoja, kwanza Nyarugusu, baadaye Chunya. Waliopita huko wanajua: umeshakamata dhahabu kwa zebaki kwenye karai, umekamua kwa kitambaa, umebaki na donge la rangi ya fedha, unaliweka kwenye sahani ya chuma juu ya mkaa mpaka linageuka njano. Karibu nusu ya lile donge ni zebaki, na inaondoka na moshi. Miaka yote hiyo hakuna aliyeniuliza ule moshi unakwenda wapi. Mimi mwenyewe sikujiuliza.

Sasa nimeacha, nina duka la pembejeo, na jioni nasoma. Taarifa ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa (UNEP) ya 2018 inasema shughuli za binadamu zilitoa hewani tani 2,220 za zebaki mwaka 2015, ongezeko la karibu asilimia 20 kuliko 2010. Asilimia 38 ni sisi wachimbaji wadogo. Makaa ya mawe yanafuata kwa asilimia 21. Lakini vituo vinavyopima hewa yenyewe, kama Mace Head kule Ireland, kinachopima tangu 1995, kwa ujumla vinaonyesha kushuka.

Kinachotoka kinaongezeka, kilichomo kinapungua. Inawezekanaje? Na la pili: hiyo asilimia 38 ilihesabiwaje, wakati mimi sijawahi kuona mtu amekuja na mashine pale tunapochomea?

#2 Nahodha_wa_Musoma

Mkuu, mimi si msomi, lakini zebaki naijua kwa macho. Ni nzito kuliko risasi. Ukiimwaga inazama chini ya mchanga, huipati tena. Kitu kizito namna hiyo kitafikaje Ireland kwa upepo? Nadhani wanatuchanganya.

#3 Mwalimu_Kemia

Nahodha #2, uzito umeusema sawa, ni zaidi ya mara 13 ya maji, na risasi inaelea juu yake. Ila umesahau mvuke. Zebaki inachemka kwenye nyuzi 357, lakini haingoji ichemke. Hata ikiwa imetulia kwenye chupa isiyo na kifuniko inapanda polepole, huioni wala huisikii harufu. Ikishakuwa mvuke inakaa angani miezi kadhaa hadi karibu mwaka kabla ya kushuka. Muda huo upepo umeshaizungusha dunia. Ndiyo maana kule Alert, kaskazini kabisa mwa Kanada, mahali pasipo mgodi wala kiwanda jirani, wanaipima kila siku. Na huko huko ndiko walikogundua miaka ya 1990 kwamba jua la masika likichomoza baada ya giza la miezi mingi, zebaki inatoweka ghafla hewani na kuangukia kwenye theluji. Hakuna aliyelitarajia hilo.

#4 Nahodha_wa_Musoma

Nimekuelewa mwalimu. Naondoa neno langu.

#5 Mtanzania_wa_Cape

Salaam. Naishi Cape Town mwaka wa tisa sasa. Naomba kumrekebisha mleta uzi kidogo: si vituo vyote vinavyoonyesha kushuka.

Hapa kuna Cape Point, kwenye ncha ya rasi, na ndicho kituo cha Afrika kinachotajwa kila zebaki ya hewani inapozungumzwa. Kimepima tangu 1995, mwanzoni kwa mkono, na tangu 2007 kwa mashine inayojiendesha. Miaka ya mwanzo ilishuka kama Ireland. Baada ya 2007 ikaanza kupanda kidogo kidogo. Kwa hiyo kaskazini wanashuka, kusini hatukuwafuata.

Viwango navyo ni tofauti. Kaskazini ni kama nanogramu 1.5 kwa kila mita ya ujazo, huku kusini kama 1. Nanogramu ni gramu moja iliyogawanywa mara bilioni moja.

Na hili litamfurahisha mleta uzi. Mnajua mashine inaikamataje? Kwa DHAHABU. Hewa inavutwa ipite kwenye kibomba chenye dhahabu ndani, zebaki inanasa, kisha kibomba kinapashwa moto, zebaki inaachia, na taa maalumu inahesabu kilichotoka. Halafu wanaanza upya, mchana na usiku.

#6 Mchomaji_Mstaafu

Subiri kwanza mkuu.

Yaani mimi natumia zebaki kuikamata dhahabu, nachoma. Wao wanatumia dhahabu kuikamata zebaki, wanachoma. Kazi ileile, imegeuzwa tu! Nimesoma #5 mara tatu. Asante sana.

#7 Mkale_wa_Migori

Nawasalimu kutoka Migori, Kenya, sisi wa Macalder tunachoma pia.

Jibu langu kwa swali la kwanza: Ulaya na Marekani wamefunga mitambo mingi ya makaa ya mawe, na iliyobaki imewekewa vichujio. Mace Head inapokea upepo wa Atlantiki, kwa hiyo inasoma habari za Marekani na Ulaya. Ukiweka kituo pembeni ya moshi unaopungua, utaona kupungua. Moshi wa Asia na wa migodi yetu unashuka kwingine.

#8 Kipimo_Sahihi

Mkale #7, hoja nzuri ila haitoshi. Mwalimu amesema mvuke unakaa angani karibu mwaka, maana yake unachanganyika. Kama dunia nzima ingekuwa inaongeza asilimia 20 kwa miaka mitano, hata Ireland ingeionja.

Mimi nipo upande wa wanaosema tatizo ni bidhaa. Fikirini betri za zamani, vipimajoto, swichi, rangi za kuta. Zote zilikuwa na zebaki, na zilipoishia ni dampo na tanuri la taka. Matumizi hayo yalianguka sana tangu miaka ya 1980 na 1990. Hesabu za zamani zilimulika mabomba ya viwanda, zikaudharau moshi wa taka. Kwa hiyo kushuka kulikuwa kwa kweli, kulianzia mahali ambapo hesabu haikuangalia.

#9 Mwana_Kivu

Jambo wote. Miye niko Bukavu. Mbona hamuisemi volkano? Nyiragongo inatoa moshi miaka na miaka, Goma wanauvuta. Moto wa chini ya ardhi una zebaki pia. Labda ni volkano ndiyo inapanda na kushuka, na sisi wachimbaji wa Kamituga tunalaumiwa bure.

#10 Mwalimu_Kemia

Mwana Kivu, karibu. Ni kweli volkano zinatoa zebaki. Ila taarifa ileile ya 2018 inagawa hivi: katika zebaki yote inayoingia hewani kwa mwaka, vyanzo vya asili vya ardhini kama volkano ni kama asilimia 10, shughuli za binadamu za sasa asilimia 30, na asilimia 60 iliyobaki ni ile iliyowahi kushuka zamani ardhini na baharini ikapanda tena.

Hiyo asilimia 60 ndiyo inayonitisha. Almadén kule Hispania walichimba zebaki miaka elfu mbili. Wahispania waliivusha bahari kwenda kutenganisha madini ya fedha huko Amerika. Ile zebaki haijafa, maana ni elementi, haiozi. Leo bahari inaipumua tena. Kwa hiyo kuna wanaosema kinachoshuka kaskazini ni pumzi ya bahari, kwamba Atlantiki ya kaskazini imepungukiwa na akiba yake, na mabomba ya leo yana sehemu ndogo tu.

#11 Mwana_Kivu

Nimekubali asilimia 10. Lakini wa Goma hawavuti wastani wa dunia, wanavuta moshi wa Nyiragongo. Nao wapimiwe.

#12 Binti_Misitu

Nyote mmesahau majani.

Nafanya kazi ya misitu, Kagera. Jani linapumua, na linapopumua linavuta mvuke wa zebaki na kuuhifadhi. Likianguka, zebaki inaingia kwenye udongo. Vituo vya kaskazini vinaonyesha kitu kila mwaka: zebaki inapungua majira ya joto miti ikiwa na majani, inapanda baridi majani yakiisha. Sasa kama mimea ya kaskazini inaongezeka kwa sababu ya joto na hewa ya ukaa, nayo inavuta zaidi. Huenda moshi haujapungua, mnywaji ndiye ameongezeka.

Kule Peru, Madre de Dios, ambako wanachimba kama sisi, watafiti walichapisha mwaka 2022 kwamba msitu mkubwa ulio karibu na migodi unakamata zebaki nyingi kupita kawaida. Inashuka na majani na maji ya mvua yanayochuruzika kutoka kwenye matawi. Mahali palipokatwa miti haikuonekana hivyo. Msitu ulikuwa unaubeba moshi wa wachimbaji, halafu unaulisha udongo na ndege walioko chini yake.

#13 Kipimo_Sahihi

Sasa tuna majibu manne na kila moja lina mantiki. Kama hoja ya Binti #12 ni sahihi, mbona Cape Point ilipanda? Huku kusini bahari ni nyingi, mimea kidogo, sawa. Lakini pia kusini ndiko wachimbaji wadogo wameongezeka. Kituo kimoja hakiwezi kutenganisha hayo.

#14 Mdodosaji_Zamani

Nijibu swali la pili la mleta uzi, maana naona limepitwa.

Nilikuwa kwenye timu ya kudodosa wachimbaji, mkoa sitautaja. Hakuna mashine. Unauliza mwenye mwalo, yaani pale mchanga unapooshwa kupata dhahabu, anachenjua mifuko mingapi, anapata gramu ngapi, anatumia zebaki kiasi gani kwa kila gramu ya dhahabu. Unapata uwiano. Uwiano unazidishwa na dhahabu inayokadiriwa ya eneo, kisha ya nchi. Hapo ndipo tani zinapotoka.

Sasa niambieni nani anasema ukweli? Wengine waliniona mtu wa kodi wakataja nusu. Wengine walidhani nimeleta mradi wa kugawa vifaa, wakataja mara mbili ili wapate vingi. Mzee mmoja aliniambia: "Mwanangu, andika unachotaka, mimi zebaki napimiwa kwenye kifuniko cha soda." Tuliandika vifuniko vya soda. Nilirudi nyumbani nikiwa na uchungu, kwa sababu nilijua takwimu zile zitakaa kwenye jedwali zikionekana safi.

#15 Mchomaji_Mstaafu

Mdodosaji #14, kifuniko cha soda ndicho kipimo, huyo mzee hakukudanganya hata kidogo.

#16 Mzalendo_Halisi

Mimi naona mnazunguka. Hawa wazungu walichoma makaa ya mawe miaka mia mbili, wakavusha zebaki kama mwalimu #10 alivyosema, leo wanataka kupima moshi wa mtu wa Katoro ili wamfungie mgodi. Huu mkataba wao wa Minamata, wa kupunguza zebaki duniani, ni kamba ya shingo. Na Minamata yenyewe ilikuwa hewa ya kiwanda, si dhahabu.

#17 Mwalimu_Kemia

Mzalendo, hapana, Minamata haikuwa hewa. Kiwanda cha Chisso, huko Japani, kilimwaga maji machafu yenye zebaki baharini, tangu 1932 hadi 1968. Samaki wakala, watu na paka wakala samaki. Ugonjwa ulitambuliwa rasmi tarehe 1 Mei 1956, na kiwanda kikaendelea kumwaga miaka kumi na miwili mingine. Hebu itazameni tarehe hiyo tena.

Juu ya historia ya waliochafua kwanza, hapo nakuunga mkono.

#18 Mkale_wa_Migori

Na mkataba si "wao". Uamuzi wa kuanza mazungumzo ulipitishwa Nairobi, Februari 2009, pale Gigiri. Kikao cha tatu cha majadiliano kilikuwa Nairobi tena, 2011. Waafrika walikaa mezani kuanzia siku ya kwanza.

#19 Mtanzania_wa_Cape

Mkale, mlipika chakula wenyewe halafu mkachelewa kula! Uganda waliridhia 2019, sisi 2020, nyinyi mpaka 2023.

#20 Mkale_wa_Migori

Hiyo imeniuma, lakini ni kweli.

#21 Mdodosaji_Zamani

Mzalendo #16, tuseme na hili maana wachimbaji wengi hawalijui. Ibara ya 7 ya mkataba haifungi mgodi wa mtu. Inataka nchi ipunguze zebaki na, pale inapowezekana, iiondoe kabisa. Mambo manne ndiyo yametajwa kwa jina yakomeshwe: kumwaga zebaki kwenye mchanga wote bila kuuchekecha kwanza, kuchoma donge wazi, kuchomea kwenye makazi, na kupeleka marudio (mchanga uliokwisha kuchenjuliwa) yenye zebaki kwenye sayanidi (kemikali ya kuyeyusha dhahabu) kabla ya kuitoa ile zebaki. Hilo la nne kwetu ni biashara ya kila siku. Na ukiangalia la pili na la tatu, anayelindwa kwanza ni mkeo na watoto.

#22 Mzalendo_Halisi

Hayo manne sikuyajua. Lakini swali langu la takwimu liko palepale. Wakija kupima, namba zitakaa kwa nani?

#23 Mama_Wawili_Geita

Naomba niseme, ingawa nilikuwa nasoma tu.

Marehemu mume wangu alikuwa akichomea jikoni, kwa sababu nje watu wangeona dhahabu. Mimi nikiwa na mimba ya pili nilikuwa napika palepale. Ritoti tulipewa siku moja na watu wa semina, kile chungu cha chuma chenye bomba la kurudisha mvuke uwe zebaki tena. Alikitumia mara mbili. Mwenye mzigo alikataa, alitaka aione dhahabu yake ikigeuka rangi mbele ya macho yake, asije akaibiwa. Chungu kikawa cha kuwekea misumari.

Mtoto wangu yupo hai, anasoma, ila mikono yake inatetemeka. Daktari hakuniambia ni zebaki, na mimi sisemi ni zebaki. Nasema hakuna aliyepima. Nyinyi mnazungumza Ireland na Kanada wanapima kila saa hewa isiyo na mgodi. Jikoni kwangu hakuna aliyepima hata dakika moja.

#24 Mchomaji_Mstaafu

Pole sana dada. Hicho chungu cha misumari nami ninacho.

#25 Nahodha_wa_Musoma

Pole mama.

Niulize la ziwani. Huku kuna watu wanasema tusile sangara kwa sababu ya migodi. Kweli?

#26 Binti_Misitu

Nahodha, zebaki ikishuka na mvua au kwa mto, bakteria wa kwenye tope wanaigeuza kuwa zebaki ya methili, hiyo ndiyo inayopanda kutoka kwa mdogo kwenda kwa mkubwa. Dagaa wana kidogo. Sangara mkubwa mla samaki ana zaidi. Kikomo kinachotumika nchi nyingi kwa samaki wengi ni miligramu 0.5 kwa kilo, na sehemu kubwa ya samaki wa Ziwa Viktoria waliopimwa miaka iliyopita walikuwa chini yake. Endelea kula, ila mjamzito ampe dagaa nafasi kuliko sangara wa kilo ishirini.

#27 Duka_la_Vipodozi

Mkimaliza ziwa mje na kwenye mkorogo. Kuna krimu za kung'arisha zina zebaki, mkataba unazikataza, na bado zinauzwa mchana kweupe. Niliacha kuziuza baada ya mteja wangu mmoja kuharibika figo. Ile nayo inavukizwa chumbani, mtoto analala hapohapo.

#28 Kipimo_Sahihi

Dada wa vipodozi ana hoja, ila anastahili uzi wake. Turudi kwenye vipimo.

Umoja wa Ulaya ulilipia mtandao mkubwa kati ya 2010 na 2015, ukiratibiwa na Waitaliano, vituo zaidi ya 40: Suriname, India, Antaktika, na hata kisiwa cha Amsterdam cha Wafaransa kilicho upweke kusini mwa Bahari ya Hindi. Kazi nzuri kweli. Lakini angalia ramani: kwenye bara letu vitone vinahesabika kwa vidole, na chanzo kikubwa kuliko vyote vya binadamu duniani ni uchimbaji mdogo, ambao sehemu yake kubwa iko huku kwetu, na pia Amerika ya Kusini na Asia ya Kusini Mashariki. Wamezunguka moto kwa mbali. Na ule ulikuwa mradi. Fedha za mradi zina mwisho.

Ibara ya 22 inataka mkataba ujipime kama unafanya kazi. Utajipima vipi bila namba za huku?

#29 Mtanzania_wa_Cape

Mashine kubwa inataka umeme usiokatika, gesi ya argoni na fundi. Hiyo tusiote leo. Lakini kuna kipima kidogo kilichobuniwa Kanada, kikopo chenye kaboni iliyotiwa salfa ndani. Hakitaki umeme. Unakitundika chini ya paa miezi kadhaa, unakifunga, unakipeleka maabara. Kinakupa wastani tu, lakini kwa bei ya kikombe ukilinganisha na gari. Hamsini vikitundikwa kuanzia Chunya hadi Migori hadi Kamituga, tutajua mengi kuliko vifuniko vya soda.

#30 Mzalendo_Halisi

Na maabara iko wapi? Vikopo vikisafirishwa nje, tumerudi palepale kwenye #22.

#31 Mwana_Kivu

Maabara moja ya kwetu sote wa maziwa makuu. Tanzania, Kenya, Uganda, Burundi, Rwanda, Kongo. Zebaki yenyewe inavuka mipaka kwa mfuko wa shati, nimeona kwa macho. Moshi hauonyeshi pasi.

#32 Mdodosaji_Zamani

Mwana Kivu, mimi nitasaini. Ila kabla ya maabara, nani atamshawishi mwenye nyumba akubali kikopo kitundikwe jikoni kwake? Atadhani ni kamera. Mama #23 ndiye angefaa kuifanya kazi hiyo, si mimi mwenye daftari.

#33 Mama_Wawili_Geita

Nikifundishwa, nitakwenda.

#34 Mchomaji_Mstaafu

Wakuu, asanteni. Swali la kwanza bado halijakaa kichwani: viwanda, taka, bahari, majani. Mimi naegemea bahari, lakini Binti amenitikisa.

Niulize dogo. Karibu na dukani kwangu kuna nyumba walikokuwa wakinunua na kuchoma dhahabu, na kuna mwembe umeinamia dirisha lake. Kama majani yanahifadhi zebaki, yale majani ni kipimo tayari. Nikichuma, kuna atakayeyapima?

#35 Binti_Misitu

Nitatafuta maabara. Ila usichume ovyo. Mwembe haupukutishi yote kwa pamoja, na jani la zamani limekusanya zaidi kuliko changa, kwa hiyo chuma ya umri mmoja, yale ya kijani iliyokolea. Yasiguse mikono, tumia mfuko safi. Na tafuta mwembe mwingine mbali na migodi, uchume vilevile wiki hiyohiyo, ili tuwe na cha kulinganisha.

#36 Mchomaji_Mstaafu

Upo mmoja kwa mama mkwe, Sengerema. Jumamosi nakwenda.